Mshipa Uliovuta: Nasaba, Damu na Historia ya Seli Mundu Katika Afrika Mashariki

 

Ndugu msomaji, mlango wa urithi katika vitabu vyetu vya fiqhi unahusu mali: thumni ya mke, robo ya mume, nusu ya binti aliye peke yake. Upo urithi mwingine ambao hakuna kadhi anayeugawa wala mrithi awezaye kuukataa, nao ni urithi wa mwili: rangi, kimo, umbo la pua na vidole, na baadhi ya maradhi. Waliotafuta jina la Kiswahili la ule mwandiko mdogo uliomo ndani ya kila chembe hai, unaobeba urithi huo, walilichukua neno nasaba, ambalo asili yake ni Kiarabu, wakaunda neno vinasaba. Tunaliona ni jina lililochaguliwa vyema, kwa sababu mas-ala haya yanapotufikia sisi misikitini huwa hayaji kwa jina la sayansi. Huja kwa jina la nasaba.

Miaka kadhaa iliyopita alitujia mtu hapa Arusha baada ya swala ya Ijumaa. Yeye amezaliwa mjini hapa, ila wazee wake walitoka upande wa Kigoma, na mkewe ni mtu wa Tanga. Mtoto wao wa pili alikuwa akisumbuliwa na maumivu ya mifupa, macho yakigeuka manjano, akipungukiwa damu na kulazwa mara kwa mara, hata hospitali wakamwambia kuwa ana seli mundu, ambayo watu wengi huiita siko seli. Ndugu wa mume wakakaa kikao. Wakasema kwao hakuna aliyewahi kuugua ugonjwa huo, basi mwanamke ndiye aliyekuja na damu mbaya. Mmoja wao akavuka mpaka zaidi, akauliza kama kweli mtoto yule ni wa nyumba ile. Mume hakuja kwetu kutaka talaka. Alikuja kuuliza kama Sharia inampa haki ya kumkana mtoto.

Tulimjibu kwa hadithi, na jibu lile lilikuwa sahihi. Lakini lilikuwapo jambo la pili alilostahiki kuambiwa siku ile, nasi hatukumwambia kwa kuwa hatukulijua. Tutalifikia.

Ngamia wa Bani Fazara

Hadithi yenyewe imepokewa na Abu Huraira (r.a.), nayo imo katika Sahihi mbili. Bedui mmoja wa Bani Fazara alimjia Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa mkewe amejifungua mtoto mweusi, na katika maneno yake mlikuwa na kidokezo cha kumkana. Mtume hakumkemea. Alimwuliza kama ana ngamia. Akasema anao. Akamwuliza rangi zao, akajibu kuwa ni wekundu. Akamwuliza kama kati yao hamna wa kijivujivu, bedui akakiri kuwa wamo. Hapo akamwuliza imetoka wapi rangi hiyo, na yule bwana, mfugaji anayewajua wanyama wake, akajibu mwenyewe kwamba huenda ni irqi imemvuta. Mtume akamwambia kuwa na huyu mwanao huenda ni irqi imemvuta. Wala hakumruhusu kumkana.

Neno irqi kwa Kiarabu ni mzizi wa mti, na pia ni mshipa wa mwili. Maana yake hapa ni asili ya mbali: jambo lililokuwa kwa babu au bibi, likapita kwa wazazi bila kuonekana, kisha likajitokeza kwa mjukuu. Imamu Bukhari ameiweka hadithi hii katika Kitabu cha Talaka, kisha akairudia katika Kitabu cha I'tisam, penye mlango wa kufananisha jambo na jambo jingine lililo wazi ili muulizaji afahamu. Imamu Muslim ameiweka penye Li'ani. Na Imamu Nawawi, ambaye ndiye tegemeo letu sisi Mashafii, ameeleza katika sharhe yake kuwa mtoto humfuata mume hata rangi zao zikihitilafiana, awe baba mweupe na mtoto mweusi au kinyume chake. Upo ufafanuzi ndani ya madhehebu pale rangi inapoandamana na dalili nyingine ya uzinifu, lakini rangi peke yake haimtoi mtoto katika nasaba.

Kisa cha pili kinakwenda sambamba na hiki. Zaid bin Haritha (r.a.) alikuwa mweupe, na mwanawe Usama alikuwa mweusi sana, kwa maana mama yake ni Ummu Ayman, mwanamke wa Kihabeshi. Watu wa Madina walikuwa na maneno yao. Siku moja Mujazziz al-Mudliji, bingwa wa elimu ya qiyafa, yaani kutambua nasaba kwa kutazama viungo, aliwakuta baba na mwana wamelala, wamejifunika vichwa, miguu ikiwa nje. Akasema miguu ile imetokana, mmoja kwa mwingine. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume aliingia kwake siku hiyo uso ukimng'ara kwa furaha. Kutokana na kisa hiki Malik, Shafii na Ahmad waliikubali qiyafa panapokuwa na mgogoro juu ya mtoto. Abu Hanifa hakuikubali.

Tuweke angalizo hapa. Wako wahubiri wanaozichukua hadithi hizi wakadai kwamba kanuni zote za vinasaba zimo ndani yake. Sisi hatusemi hivyo. Mtume (s.a.w.) alikuwa anahukumu shauri la mke na mtoto, na alimrejesha bedui kwenye ujuzi ambao bedui tayari alikuwa nao. Ni yeye pia ambaye, katika suala la kupandikiza mitende pale Madina, aliwaachia wakulima mambo ya kazi yao ambayo wao wanayajua zaidi. Tukiitaka elimu ya namna ule mshipa unavyovuta, inatupasa tuwafuate walioitafuta.

Kutoka Qurtuba hadi bustani ya njegere

Miongoni mwa walioikaribia ni Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalus aliyefariki kiasi cha mwaka 1013. Katika kitabu chake At-Tasrif ameandika juu ya kijiji ambamo wanaume wakipata jeraha dogo hutoka damu bila kukoma mpaka wafe, na wavulana ambao ufizi wao ukisuguliwa tu, damu humiminika hadi mauti. Alitambua kuwa ni jambo la watu wa mahali pamoja na la wanaume; sababu hakuipata. Leo tunajua kuwa maradhi hayo hubebwa na mama asiyeumwa, akamrithisha mwanawe wa kiume.

Sababu ilianza kufahamika mwaka 1865, pale Gregor Mendel, mtawa wa Kikristo wa mji wa Brno, aliposoma mbele ya chama cha wanasayansi matokeo ya kazi yake juu ya njegere. Alichanganya njegere za punje mviringo na za punje zenye mikunjo. Kizazi cha kwanza wote wakatoka mviringo, kana kwamba mikunjo imekufa. Akawaacha wazaliane wenyewe kwa wenyewe, na katika kizazi cha pili akahesabu punje 5,474 mviringo na 1,850 zenye mikunjo, yaani karibu tatu kwa moja. Mikunjo haikufa, ilijificha. Hata mkulima wa maharage wa hapa mlimani Meru ana la kusema juu ya hili, maana kituo cha utafiti cha Selian, hapa Arusha, kimetoa mbegu kama Selian 94 na Selian 97 kwa njia hiyo hiyo ya kuchanganya na kuchagua. Kazi ya Mendel ilichapishwa mwaka 1866 na ikakaa bila kujaliwa mpaka 1900.

Maana yake kwa ufupi ni hii. Kila sifa ya namna hiyo ina mafungu mawili, moja kutoka kwa baba na moja kwa mama. Fungu moja laweza kulifunika jingine lisionekane, lakini lililofunikwa halipotei, na mwenye nalo aweza kumpa mwanawe. Na katika ugawaji huu hakuna fungu la wanaume wawili kwa mmoja: binti huchukua kromosomu 23 kwa baba na 23 kwa mama, na kijana vivyo hivyo.

Habari ya damu yetu wenyewe

Kisa kilichothibitisha jambo hili kwa wanadamu kwa uwazi mkubwa kilitokea katika ardhi yetu. Seli mundu iliandikwa mara ya kwanza katika majarida ya tiba mwaka 1910, pale James Herrick wa Chicago alipoeleza habari za kijana wa kisiwa cha Grenada ambaye chembe zake za damu zilikuwa zimepinda mfano wa mundu. Mwaka 1949 watafiti wawili, James Neel kule Marekani na E. A. Beet katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kila mmoja kwa njia yake walionyesha kuwa mgonjwa ni yule aliyepata fungu la ugonjwa kwa wazazi wote wawili. Aliyepata fungu moja tu haumwi, ni mbebaji. Mwaka huo huo Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kuwa kasoro imo katika himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayochukua hewa.

Hapo likazuka swali zito. Ikiwa watoto wenye mafungu mawili hufa kabla ya kuzaa, mbona fungu hili halijakwisha duniani? Kwa nini katika baadhi ya kabila za Uganda wabebaji wafikie watu 40 katika kila 100?

Aliyejibu ni Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alifuatana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akawa anakusanya damu za watu wa kabila mbalimbali. Akaona jambo la ajabu. Pwani, na kando ya Ziwa Viktoria, wabebaji walikuwa wengi, zaidi ya 20 katika 100. Nyanda za juu, kama kwa Wakikuyu, hawakufika hata 1 katika 100. Tofauti hii haikufuata lugha wala ukoo wa kabila. Ilifuata mbu. Palipo na malaria kali mwaka mzima, seli mundu ilikuwapo kwa wingi. Palipo baridi na mwinuko, ilikuwa haba.

Alirudi mwaka 1953. Karibu na Kampala alipima watoto 290: kati ya wabebaji 43, wenye vimelea vya malaria walikuwa 12, kati ya 247 wasiobeba, walikuwa 113. Kisha akawachukua Wajaluo 30 waliojitolea, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Katika 15 wasiobeba, 14 walishikwa na vimelea. Katika 15 wabebaji, ni 2 tu. (Kumdhuru mtu kwa kusudi ili kupata elimu, hata akikubali, ni jambo ambalo kanuni ya la dharara ina neno juu yake. Tumelitaja kwa sababu limetokea, wala hatulisifu.) Mwaka 1954 akatangaza kwamba fungu moja la seli mundu humkinga mtoto dhidi ya malaria kali.

Kuna hesabu yake nyingine, iliyotoka mwaka 1956, nayo ni ya nchi yetu. Katika wilaya ya Musoma alipima watoto wachanga 287: wasio na fungu la ugonjwa walikuwa 189, wabebaji 89, na wenye mafungu mawili 9. Halafu akapima watu wazima 654: wasio na fungu 400, wabebaji 249, wenye mafungu mawili 5 tu. Itazame vizuri, ndugu msomaji. Wagonjwa kwa wachanga ni 3 katika 100, na kwa wakubwa hawafiki 1. Wabebaji kwa wachanga ni 31 katika 100, na kwa wakubwa wamepanda hadi 38. Katikati ya hesabu hizo mbili pana makaburi ya watoto wa aina mbili: waliochukuliwa na seli mundu kwa kuwa wamerithi mafungu mawili, na waliochukuliwa na malaria kwa kuwa hawakurithi hata moja. Aliyekuwa na moja ndiye aliyekua akaoa. Ile iliyoitwa damu mbaya katika kikao cha ndugu wa yule bwana, ndiyo iliyowavusha babu zao utotoni.

Sasa turudi mlimani. Mlima Meru una zaidi ya mita 4,500, na mji wa Arusha uko kwenye mita 1,400 hivi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 uliikuta malaria katika mkoa wa Arusha kwa chini ya asilimia 1 ya watoto waliopimwa. Kwa hiyo wazee wa Kimeru na Kiarusha wanaposema siko seli ni ugonjwa wa watu wa ziwani na pwani, hawakukosea sana juu ya zamani. Lakini mji huu si wa wenyeji wa mlima peke yao. Tangu Wajerumani wajenge boma lao hapa mwanzoni mwa karne ya 20, wamekuja askari na wapagazi, wachuuzi wa pwani, vibarua wa mashamba ya mkonge na kahawa, watu wa reli, kisha wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya kwanza na hii ya sasa. Safu ya msikiti wa mjini hapa ina mtu wa Ujiji, wa Kondoa, wa Tanga, wa Mwanza na wa Pemba, begani kwa bega na Mmeru. Watoto wao wanaoana, na sisi ndio tunaowaozesha. Katika uchunguzi wa watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini-magharibi uliochapishwa mwaka 2020, mtoto 1 katika kila 5 alikuwa mbebaji. Mbu haji Arusha na mhamiaji. Fungu linakuja.

Robo isiyohesabiwa kama robo ya mirathi

Hili ndilo lile la pili. Yule bwana alituelewa, alimkubali mwanawe, akawanyamazisha nduguze. Tukamwusia subira na dua, akaenda zake. Baada ya miaka miwili akarudi na mtoto mwingine mgonjwa. Akatuambia kuwa alikuwa amesikia mahali kwamba ni mtoto mmoja katika wanne, na kwa kuwa mmoja ameshaumwa, aliona watakaofuata wamesalimika.

Hivyo sivyo. Mume na mke wakiwa wabebaji wote wawili, kila mimba peke yake ina robo ya kutoka na ugonjwa, nusu ya kutoka mbebaji, na robo ya kutoka salama kabisa. Robo hii si kama robo ya mirathi, ambayo ikishachukuliwa imekwisha. Ni kama kutia mkono mfukoni upya kila mara, na mfuko haukumbuki kilichotoka jana. Waweza kuzaa wanne wote wazima. Waweza kuzaa wanne wote wagonjwa. Mmoja wao akiwa mbebaji na mwenzake hana fungu lolote, hawapati mtoto mgonjwa wa seli mundu, ila nusu kwa nusu ya kupata mbebaji. Na mgonjwa akioana na asiyebeba, watoto wote ni wabebaji na hakuna anayeumwa. Kwa hiyo kikao kile kilipomtupia lawama mwanamke, kilikuwa kinalitupa nje fungu lililotoka pia kwa mtoto wao wa kiume. Tungalijua hayo siku ya kwanza, tungaliwatuma wote wawili wakapimwe, na wangaliamua juu ya uzazi wao huku wanajua.

Wala asije mtu akakigeuza kipimo hiki kuwa kipimo cha nasaba. Yapo maradhi mengine ya damu yanayoungana na fungu la seli mundu, majibu yakamchanganya asiye mtaalamu. Ama kipimo cha vinasaba chenyewe, kinachosimamiwa nchini kwetu kwa sheria ya mwaka 2009 na kufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka, katika kikao chake cha 16 mwaka 2002, liliamua kuwa hakitumiki kukanusha nasaba iliyothibiti wala hakitangulizwi mbele ya li'ani. Hutumika panapokuwa na mgogoro wa mtoto asiyejulikana wake, au watoto waliochanganywa hospitali. Tunaona uamuzi huo umeshika njia ile ile ya hadithi ya ngamia.

Kuhusu kupima kabla ya ndoa, Saudi Arabia ililifanya la lazima mwaka 2004 kwa seli mundu na thalasemia, kwa sababu nyumba za mitende za Qatif na Ahsa zilikuwa na malaria na seli mundu kama Musoma yetu. Lazima ni kupima. Majibu yakitoka, wachumba bado wana hiari ya kuoana. Baadhi ya ndugu zetu wanasema kupima ni kuikimbia kadari. Hatukubaliani nao. Umar (r.a.) aliporudi asiingie Sham penye tauni alisema anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari yake. Wengine huleta usemi unaohimiza kuoa mbali ili watoto wasidhoofike. Usemi huo haukuthibiti kuwa ni hadithi ya Mtume, na kwa seli mundu hausaidii, kwani mtu wa Kigoma na wa Tanga wako mbali sana kinasaba na fungu lao ni moja. Rai yetu ni kuwa kipimo si sharti la kusihi kwa ndoa, na nikaha iliyofungwa bila kipimo ni nikaha. Lakini imamu anayewajua wachumba wametoka wapi, akanyamaza, ameacha nasaha.

Sasa tunapoletewa wachumba huwauliza mapema, kabla ya mahari kutajwa, kama wamewahi kupima. Wengi hawajui wanaulizwa nini. Tunawaandikia kwenye kikaratasi: kipimo cha aina ya himoglobini, kinachoitwa elektroforesisi, kwa sababu kile cha haraka cha kutazama chembe kupinda hakimtofautishi mbebaji na mgonjwa. Na tunawaambia waende wote wawili, siku moja, ili asiwepo wa kwanza kushukiwa. Yule bwana wa Kigoma bado tunaswali naye. Mtoto wake wa pili anatumia dawa ya haidroksiurea, halazwi kama zamani, na mwaka huu ameanza Juzuu Amma.